Kangaga kukauka ncha huku linamwagiliwa kila siku

Salaam. Umesema kangaga lako la chungu linakauka ncha, majani ya chini yanageuka manjano, nawe unamwagilia kila siku. Kwanza ingiza kidole kwenye udongo, kama sentimita 3.

Ukiwa chepechepe, mizizi inakosa hewa. Litoe chunguni uikague. Usikate kwa kuangalia rangi, maana mizizi mizima ya makangaga mengi ni ya kahawia iliyokolea au myeusi. Iliyooza hubonyea na kunuka. Hiyo ndiyo ya kukata. Panda upya kwa sehemu 2 za mboji ya majani, 1 ya udongo wa bustani na 1 ya mchanga mnene, kwenye chungu chenye matundu, kikubwa kidogo tu kuliko mizizi. Kama lina shina nene linalotambaa juu ya udongo, usilifukie, litaoza. Mbolea isubiri mpaka machipukizi yajikunjue.

Udongo ukiwa mkavu ingawa unamwagilia, maji yanapita kandokando ya chungu bila kuloanisha katikati. Lizamishe kwenye ndoo dakika 20, kisha lichuruzike.

Jua la mchana pia huunguza ncha, na upepo mkavu vilevile. Kivuli chenye mwanga ndicho mahali pake. Kunyunyizia majani maji husaidia kwa dakika chache tu, si jambo la kutegemea.

Na hivyo vidoadoa vya kahawia unavyosema viko chini ya majani: vikiwa na mpangilio sawa ni vifuko vya spora, yaani unga wake wa kuzaliana (kangaga halina mbegu), viache. Vikitapakaa ovyo, vikibanduka kwa ukucha na jani likinata, hao ni wadudu gamba, wanaofyonza utomvu wa mmea.