Kabla hujaisifia AMP duara

Siku niliyopata grafu yangu ya kwanza nzuri nilipanda bajaji kutoka maabara hadi Mwanjelwa nikicheka peke yangu. Seli zangu zilizowekewa AMP duara, molekuli ndogo ya ujumbe, zilikuwa zimepunguza utengenezaji wa protini karibu nusu. Nilishajiona daktari wa falsafa. Msimamizi wangu aliitazama grafu, akauliza, "Kijana, sahani ya butireti iko wapi?" Sikuwa nayo.

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, anzia hapo. Adrenalini hubisha hodi kwenye utando wa seli, haiingii. AMP duara ndiyo inayobeba habari ndani, na kwa kuigundua Earl Sutherland alipata Nobeli mwaka 1971. Ukiimwaga kwenye midia, yale maji ya kulishia seli, haipenyi vizuri kwa sababu ina chaji. Ndiyo maana tunanunua dibutiri, yaani AMP duara iliyobandikwa vipande viwili vya asidi ya butiriki. Vikishaingia, seli hukata vipande hivyo. Asidi hiyo ndiyo inayonuka kwenye samli iliyochacha, nayo si mgeni mpole: butireti, umbo lake la chumvi, huvizuia vimeng'enya vinavyoondoa vibandiko vya asetili kwenye histoni, protini zinazozungukwa na DNA, na jeni nyingi hubadili mwenendo. Milimola 1 ya dawa yaweza kuachia milimola 2 za butireti. Nilipoweka sahani ya butireti pekee, sehemu kubwa ya ugunduzi wangu ikahamia huko. Siku hizi narudia jaribio kwa forskolini pia, inayoiamsha seli itengeneze AMP duara yake yenyewe.

La pili liliniuma zaidi. Nilikuwa nikipima leusini yenye mionzi, moja ya asidi amino zinazojenga protini, iliyoingia kwenye protini. Lakini ikiwa dawa imepunguza leusini inayovuka utando, hesabu itashuka hata kama ribosomu, viwanda vya protini, zinachapa kazi kama jana. Pima pia mionzi iliyobaki kwenye maji baada ya kugandisha protini kwa asidi, au jaza midia leusini ya kawaida tele.

Halafu kuna huu mlima wetu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi kwenye inkubeta yetu, kabati la kukuzia seli, ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya Dar. Midia ikigeuka waridi iliyokolea asubuhi, dalili kuwa asidi imepungua, usianze kulaumu seli. Pima pH kwanza, kisha pandisha gesi hadi asilimia 6.