Usiguse hiyo ada: hesabu kwanza siku za sifuri

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba una milioni 7, ni ada ya watoto ya Januari, na kesho asubuhi unakwenda kwa dalali kununua hisa za kampuni moja kwa sababu umepakua bei zake za miaka 3 ukakuta mstari umenyooka, haupandi sana, haushuki. Umeona ni mahali pa kuegesha hela. Ukauliza tena bei za zamani zaidi zinapatikana wapi, gawio, yaani ile sehemu ya faida ambayo kampuni inawapa wenye hisa, linaonekanaje kwenye bei, wastani upigwe vipi, na utalinganishaje na kampuni ya Nairobi. Nitajibu ninachoweza. Ila hilo la mstari kunyooka limenifanya niache wateja mlangoni nikae chini niandike, maana mstari wa namna hiyo hiyo umenilia zaidi ya milioni 4.

Nina fremu Kariakoo, nauza vitenge na madera. Nilipopokea zamu yangu ya mchezo nikaongeza na akiba, nikawa na milioni 9. Kuna kaka alikuwa anatoa darasa la uwekezaji, kiingilio elfu 50, na baada ya darasa unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Akatuwekea ukutani bei za kufunga, yaani za mwisho wa siku, za kampuni moja, miezi 14 mfululizo, shilingi 2,000 kila siku. Akasema kwa sauti ya mtu anayeswalisha: hii haina presha, ukiwa na shida unauza siku yoyote kwa bei ile ile uliyonunulia, na gawio juu. Nikanunua hisa 4,500. Kijana wa kwa dalali alinijazia fomu bila kusema neno.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, 700,000 mara 12, milioni 8 na laki 4, na mwisho wa mwezi ukifika bila hela anampa mtu mwingine fremu. Unajua Kariakoo ilivyo, anayeisubiri fremu yako amesimama nje anakutazama. Mkononi nilikuwa na milioni 3 na laki 4. Zilizobaki, milioni 5, sikuzihofia hata kidogo: nauza hisa 2,500 kwa 2,000, basi. Nikampigia dalali siku ya Jumatatu.

Wiki 3 zikapita, zimeuzwa hisa 120.

Mia moja na ishirini. Shilingi 240,000. Na bei kwenye taarifa ya soko bado ilisomeka 2,000! Nilikuwa naiangalia kila jioni, imekaa pale pale, na mimi siwezi kuipata. Hapo ndipo nilipoelewa, na ndicho ninachotaka ukielewe kabla hujasaini chochote: siku ambayo hakuna aliyenunua wala kuuza, soko halina bei mpya ya kuandika, kwa hiyo ile ya mara ya mwisho inabebwa kwenda mbele. Kesho vile vile. Keshokutwa vile vile. Wewe ukiichora kwenye Excel unaona utulivu. Kumbe ni duka limefungwa, na kile kibao cha bei kimeachwa mlangoni.

Nikakopa milioni 5 mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi. Nikawa nashusha bei ya kuuzia kidogo kidogo, kila walipojitokeza watu wawili watatu wakachukua vipande vyao kwingine kwa bei ya chini, na mimi nashuka. Mwezi wa tatu tangu nikope akatokea mnunuzi mmoja akachukua zangu zote 2,380 kwa 1,450. Piga hesabu: riba milioni 3, na hasara ya 550 kwa kila hisa ni 1,309,000. Jumla 4,309,000. Fremu sikuipoteza, namshukuru Mungu. Hisa 2,000 zilizobaki ninazo mpaka leo, na gawio napata, kwa hiyo sisemi kampuni ni mbovu. Inatengeneza faida yake vizuri. Kilichokosekana ni watu wa kuuziana.

Baadaye nikafanya kazi ambayo ningeifanya mwanzo. Taarifa ya kila siku ya Soko la Hisa la Dar es Salaam haina bei peke yake. Ina bei ya kufungulia na ya kufungia, ya juu na ya chini, ina idadi ya hisa zilizouzwa, ina mara ngapi watu wameuziana, na ina safu mbili ambazo darasani hazikutajwa kabisa: oda za kununua zilizobaki bila kupata muuzaji, na oda za kuuza zilizobaki bila kupata mnunuzi. Nikazikusanya za mwaka ule wote ambao nilinunua. Siku za soko 247. Siku ambazo iliuzwa angalau hisa moja: 61. Na katika hizo 61, siku moja peke yake ziliuzwa 310,000. Siku 60 zilizobaki, ukizijumlisha zote, hisa 21,600.

Hapa ndipo nataka uwe makini sana na huo wastani uliouliza. Yule kaka wa darasa nilimfuata, na jibu lake lilikuwa: dada, hisa 331,600 kwa siku 247 ni zaidi ya 1,300 kwa siku, soko lipo, wewe ulikosa subira. Subira! Na riba inatembea! Ile siku ya 310,000 haikuwa ya watu kama mimi na wewe. Mauzo ya ukubwa ule mara nyingi ni wakubwa wawili walioelewana pembeni, mmoja anatoka mwingine anaingia, na dalali anakuja kuyapitisha tu sokoni. Wewe na hisa zako 2,500 humo humo hauna nafasi. Toa siku hiyo, gawanya 21,600 kwa miezi 12, unapata 1,800. Yaani mimi nilitaka kuuza ndani ya wiki 3 mzigo unaozidi kila kitu ambacho soko zima lilinunua kwa mwezi wa kawaida. Hakuna subira wala dua ya kurekebisha hesabu hiyo. Kama mtu anafundisha watu kwa elfu 50 kila kichwa na safu ya idadi haioneshi, anawapeleka watu shimoni, na nitalisema hilo popote atakapoitisha darasa lingine.

Sababu yenyewe si siri. Kampuni nyingi hapa kwetu zimeshikwa na mwenye hisa mkubwa mmoja ambaye hana mpango wa kuuza. Angalia Kampuni ya Sigara, asilimia 75 iko kwa JT International. Zinazobaki nyingi zimelala kwenye mifuko ya pensheni na kwa wazee walionunua zamani wanaosubiri gawio. Kinachozunguka ni kidogo mno. Kuna zilizo tofauti: hisa za benki ya CRDB, ambazo umma uliuziwa kwa shilingi 150 mwaka 2009, zinapita mikononi mwa watu karibu kila siku ya soko, na hapo bei unayoiona ina watu nyuma yake. Ndiyo maana mstari wake wa miaka unapanda na kushuka. Ule unaokuogopesha ndio ulio hai.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: safu ya idadi inasomwa kabla ya safu ya bei. Nafuta siku kubwa zisizo za kawaida, naangalia mwezi wa kawaida ziliuzwa ngapi, na sinunui zaidi ya robo ya hiyo. Kwa kampuni ile ingekuwa hisa 450. Na kama oda za kuuza zilizobaki ni maelfu huku za kununua ni sifuri, siku baada ya siku, basi hiyo bei iliyoandikwa ni matumaini ya wauzaji.

Kuhusu gawio: kuna siku ya mwisho ya kununua, kabla daftari la wanahisa watakaolipwa halijafungwa; anayenunua baada ya siku hiyo gawio la safari hiyo halimhusu, na bei kwa kawaida inashuka kiasi kinachokaribiana na gawio. Si kwamba kampuni imeharibika. Ukipima ulichopata kwa miaka, ongeza gawio ulilopokea baada ya kodi ya asilimia 5, vinginevyo utaidharau hisa nzuri.

Ya Nairobi na kwingine nje, chunga mgawanyo wa hisa. Equity Bank ya Kenya mwaka 2009 iligawa kila hisa 1 kuwa 10. Apple ya Marekani ilifunga karibu dola 500 Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020, Jumatatu ikafunguliwa karibu dola 127, na hakuna aliyepoteza senti, maana kila hisa 1 ilikuwa imekuwa 4. Ukikuta poromoko la hivyo kwenye faili lako, angalia kwanza kama bei za nyuma zimerekebishwa kufuata mgawanyo huo, ndipo uanze kulia.

Turudi kwenye ada. Januari shule haitakuuliza hisa zako zinasomeka bei gani. Hilo faili ulilopakua najua lina safu ya idadi, umeificha tu ili mchoro utoke vizuri. Ifungue usiku huu. Hesabu siku zenye sifuri, ambazo hakuna hisa iliyouzwa, toa siku kubwa, gawanya kwa miezi, halafu linganisha na hisa ambazo milioni 7 zako zitanunua. Niwekee hizo namba hapa kabla hujapanda daladala kwenda kwa dalali. Fremu nafungua saa mbili, simu itakuwa mkononi.