Kuanza biashara ya vyungu bila tanuri
Tanuri si lazima. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao uwanjani kwa nyasi na kuni, kisha huviuza gulioni Lyulilo, pale Matema. Kinachopasua chungu motoni mara nyingi ni unyevu: maji yaliyobaki kwenye udongo yanageuka mvuke na kubandua kitako. Kianike kivulini mpaka ukikigusisha shavuni usisikie ubaridi, ndipo ukichome. Ila kama unalenga vikombe na sahani za kung'aa, hapo huna ujanja, tafuta tanuri. Ile rangi ya kioo, yaani mpako unaoyeyuka na kuvipa mng'ao, huhitaji joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi hivi kwenda juu, na moto wa wazi haufiki huko kwa uhakika.