Maswali Yenu: Radi Ilipiga Mti, Inveta Ikafa

*Nina kituo kidogo cha kupozea maziwa Kiruhura, Uganda, kinaendeshwa na sola. Mwezi uliopita radi ilipiga mti ulio nje ya ua. Paneli ni nzima, lakini inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia vifaa vya kawaida) na kontrola ya tangi vimekufa, na lita 300 za maziwa zikachachuka. Nina bima ya moto na radi. Kampuni inasema hakuna moto uliowaka na radi haikugusa jengo. Wamenidhulumu?* — Mfugaji, Kiruhura

Pengine hapana. Kosa huenda lilifanyika siku uliyouziwa bima hiyo. Bima ya moto na radi imetungwa kwa ajili ya jengo. Nyingi zina kipengele kinachokataa mashine iliyoungua kwa umeme wake yenyewe, na baadhi hukataa hata pale chanzo kikiwa radi. Kisome neno kwa neno kabla hujabishana: kama kipengele hicho hakimo katika hati yako, andika barua ya kupinga na uwatake wakuonyeshe mstari waliotumia kukukatalia.

Mali yako ilihitaji bima ya vifaa vya kielektroniki au ya hatari zote, na ndani yake iandikwe wazi kwamba inalipa umeme unaopanda ghafla, ukiwemo ule unaoletwa na radi ya mbali. Maziwa ni jambo jingine kabisa. Hayalipwi mpaka uongeze bima ya bidhaa zinazoharibika baridi ikikatika, na hapo uliza ni saa ngapi lazima zipite ndipo walipe.

Thamani unayoiandika nayo ina mtego. Tuseme mtambo wako ni wa shilingi milioni 20, nawe ukaandika milioni 12 ili ada ishuke. Inveta ya milioni 5 ikiungua, watagawanya: 12 kwa 20, mara milioni 5, ni milioni 3. Toa asilimia 10 unayobeba mwenyewe, kama hati inasema hivyo, ubaki na milioni 2 na laki 7. Inveta mpya hununui. Paneli na betri hutoka nje na bei zake hufuata dola, kwa hiyo thamani iliyokuwa sahihi miaka miwili iliyopita huenda leo ni pungufu. Ipitie kila unapolipia upya.

Sasa ufundi, maana mkaguzi wa bima atauuliza. Radi ya mtini huingia kwa kuamsha umeme ndani ya nyaya ndefu zinazotoka paani. Mafundi wengi huupitisha waya chanya upande mmoja wa paa na hasi upande wa pili. Hilo ni duara kubwa linaloukaribisha umeme huo. Zipite pamoja, zimegusana. Weka sajiprotekta, yaani kile kidude kinachomwaga ardhini umeme wa ziada, upande wa paneli na upande wa AC pia, yaani umeme unaotoka kwenye inveta. Ya upande wa paneli iwe ya DC, yaani umeme wa paneli wenyewe, na volti zake zizidi jumla ya paneli zilizoungwa kwa mfuatano: paneli 8 za volti 49 hufika 392, na asubuhi ya baridi hupanda kidogo, basi chukua ya 600. Tunaona watu wakifunga huko ile ya AC ya volti 275; hiyo huungua yenyewe, wakati mwingine na sanduku lake. Nyaya za kuunganishia sajiprotekta zisizidi nusu mita kwa jumla. Fremu za paneli, inveta na sajiprotekta zote ziende kwenye ethi moja, yaani fito za chuma zilizochomekwa ardhini, ipimwe kwa mita wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu, na isizidi omu 10. Ikizidi, ongeza fito, ukiziachanisha angalau kwa urefu wa ufito mmoja. Kidirisha cha sajiprotekta kikigeuka chekundu, ibadilishe, imekwisha kufa.

Inveta iliyoungua usiitupe wala usimpe fundi aifungue kabla ya mkaguzi kuiona.

*Nimekopa SACCO nikanunua pampu ya sola ya kumwagilia, Masaka. Kwenye mkopo nilikatwa pesa ya bima. Pampu ikiibwa nitalipwa?* — Mkulima wa nyanya

Uliza ni bima gani. Mara nyingi ile inayokatwa kwenye mkopo ni ya uhai wa mkopaji: ukifa, deni linalipwa. Pampu haimo humo. Ukiikatia pampu bima yake, SACCO inaweza kutaka itajwe kuwa ya kwanza kulipwa, na ni haki yao, lakini dai uandikiwe kwamba kinachozidi deni ni chako. Waranti nayo usiichanganye na bima. Paneli huja na ahadi ya miaka 25 ya nguvu, ila ahadi hiyo haijui mwizi, mvua ya mawe wala radi.

*Wameng'oa paneli 4 paani usiku, Busia. Nianzie wapi?*

Leo hiihii: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akuandikie barua, kisha polisi, na usiondoke bila namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mjulishe bima kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati. Piga picha boliti zilizokatwa, kwa sababu bima nyingi za wizi hutaka alama za kuvunja. Risiti na namba za paneli utaombwa. Asiyekuwa nazo huanza kutafuta fundi aliyemfungia. Wakikataa bila kutoa sababu, peleka malalamiko kwa maandishi, na nakala za hati zote, ofisi ya malalamiko ya mamlaka inayosimamia bima, IRA, Kampala.