Binti yangu hataki niende na mvi kwenye sendofu yake

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 49, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mvi zimeshika kichwa chote cha mbele. Binti yangu ana sendofu mwezi ujao, anasema nikikaa meza kuu hivi wakwe watadhani mimi ni bibi yake. Nimepaka piko miaka mingi ila mwaka huu niliacha, maana mara ya mwisho kope zilivimba na masikio yakawasha mpaka yakatoa maji. Mume wangu kanyamaza tu. Nipake au niache? – Mama Mzaa Chema*

Marahaba, mdogo wangu. Hilo la kope umelipitisha katikati ya barua kama jambo dogo, na mimi ndilo lililonishtua.

Usipake. Piko na rangi nyingi nyeusi za dukani zina kemikali iitwayo PPD, na dalili ulizozitaja ndizo za ngozi iliyoikataa. Ikishaikataa, kwa kawaida haiikubali tena maishani, na safari ijayo huweza kuwa mbaya zaidi: uso mzima kuvimba, hata pumzi kubana. Saluni watakwambia wana "hina nyeusi" isiyo na madhara. Hina halisi hutoa wekundu. Ikiwa nyeusi tii, mara nyingi imetiwa kemikali hiyohiyo. Wala usijipime nyumbani kwa kupaka kidogo nyuma ya sikio na kusubiri saa 48. Kipimo hicho ni cha mtu ambaye hajawahi kudhurika. Wewe muone daktari wa ngozi, na umtajie kila ulichowahi kupaka.

Sasa huyo binti. Namwelewa. Sendofu zetu za Mwanza kamera haitoki usoni, MC anamsimamisha mama mzazi mbele ya ukoo mzima, na picha zinazunguka kwenye simu kabla chakula hakijaisha. Anaogopa usichekwe. Mwambie wazi kilichokupata, maana nina shaka kama anajua masikio yalitoa maji. Mtoto anayekupenda akilisikia hilo hatakuomba tena. Hao wakwe nao wanakuja kwako kwa adabu, wamekuja kuomba mtoto.

Kuhusu sura yako, nahisi tatizo lilipo. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo tangu uache una weupe chini na weusi wa piko uliochakaa juu. Rangi mbili hizo ndizo zinazomfanya mtu aonekane kajisahau. Nenda ukate weusi wote uishe, ubaki na nywele fupi zilizolingana. Mvi huwa kavu, zinataka mafuta. Paka ya nazi kidogo, na ukiwa Mwaloni juani jifunge kitambaa. Siku ya shughuli, ukipenda, funga kilemba cha kitambaa cha gauni lako. Hina nyekundu sikushauri: juu ya weupe mwingi hivyo itatoka rangi ya chungwa, na utalia.

Mumeo muulize ana kwa ana. Huenda amenyamaza kwa sababu hana neno.

Kata wiki hii, usingoje siku yenyewe, ili binti akuzoee. Na piko iliyobaki kabatini itupe mahali watoto hawafiki, kwa sababu ikimezwa inaua.