Herufi nne kwenye sarafu ya Kirumi iliyolika

Swali: Baba mkwe wangu, mkulima wa Norfolk nchini Uingereza, ameokota shambani kwake sarafu ndogo ya shaba iliyolika sana. Ina upana wa milimita 17 na uzito wa gramu 2.3. Upande mmoja una kichwa kinachotazama kulia, na pembezoni zinasomeka herufi ANTI tu. Upande wa pili wamesimama watu wawili wenye mikuki, katikati yao mna vijiti viwili, na chini yao naona TR. Je, ni ya mfalme wa Roma, Constantine Mkuu? Naweza kuisugua kwa ndimu ili herufi nyingine zionekane?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza naomba uiweke ndimu kando, pamoja na siki, dawa ya meno na brashi ya waya. Shaba iliyokaa ardhini karibu miaka 1,700 huwa imeliwa na chumvi na unyevu, na mara nyingi umbo la herufi halimo tena kwenye madini yenyewe, bali limebaki ndani ya ule utando wa kijani au wa kahawia unaoifunika. Asidi ya ndimu huuyeyusha utando huo, na unachobaki nacho ni kipande chenye vishimo ambacho hata bingwa hawezi kukisoma. Ikiwa bado ina udongo, iloweke siku kadhaa katika maji yaliyokenekwa, uyabadilishe kila siku, kisha uutoe udongo taratibu kwa kijiti cha mti.

Wengi huanza na sura ya mfalme. Mimi huanza na upande wa pili, kwa kuwa picha ya mwili mzima wa watu waliosimama hustahimili kulika kuliko pua na herufi. Hao wawili ni askari, na vijiti vilivyo kati yao ni bendera za kikosi. Maandishi yaliyowazunguka zamani yalikuwa GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Sarafu za namna hii zilianza kufuliwa mwaka 330 zikiwa na bendera mbili, na kufikia mwaka 335 hivi zikapunguzwa ukubwa na kubaki na bendera moja, uzito nao ukishuka kutoka takriban gramu 2.5 hadi takriban gramu 1.5. Bendera zako ni mbili na mizani yako inasema gramu 2.3, kwa hiyo ushahidi huo unapatana, nami naiweka sarafu yako kati ya mwaka 330 na 335 bila wasiwasi.

TR ni alama ya karakana ya kufulia sarafu ya Trier, mji ulioko sasa Ujerumani. Herufi inayofuata, P au S, huonyesha kama ni idara ya kwanza au ya pili. Karakana ya London ilikuwa imefungwa mwaka 325, na Trier ilikuwa miongoni mwa karakana zilizoilisha Uingereza sarafu baada ya hapo.

Sasa tuje kwenye ANTI, ambako ndiko kwenye kazi. Herufi hizo zimo katika CONSTANTINVS na pia katika CONSTANTIVS, hivyo peke yake hazimthibitishi Constantine Mkuu. Anaweza kuwa mwanawe Constantine wa Pili, au mwanawe mwingine, Constantius wa Pili. Herufi inayofuata ikiwa N, ni baba au yule mwana mwenye jina lake. Ikiwa V, ni Constantius. Kama herufi hiyo imefutika kabisa, tazama ANTI zimekaa wapi. Maandishi huanza chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Kwenye sarafu za Trier za miaka hiyo, baba huandikwa CONSTANTINVS MAX AVG na mwana CONSTANTINVS IVN NOB C, kwa hiyo ANTI huangukia kushoto, kabla ya utosi wa kichwa. Constantius hutanguliwa na FL IVL, na herufi hizo tano huzisukuma ANTI hadi kulia, kupita utosi. Zikiwa kushoto, angalia kilichovaliwa kichwani: baba huvaa utepe wa kifalme uliopambwa, mwana shada la majani. Ujana wa uso usiutegemee kwenye sarafu iliyolika.

Ili kuona haya, zima taa za chumba, ulaze tochi karibu usawa wa meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, kisha uizungushe sarafu polepole. Herufi isiyoonekana mwanga ukitoka juu huota kivuli mwanga ukitoka upande wake. Piga picha nne, mwanga ukitoka pande nne, ukizilinganisha.

Kwa bei ni sarafu ya kawaida, ya pauni chache tu, lakini mahali ilipookotwa pana thamani kwa watafiti. Mshauri baba mkwe aandike sehemu hasa ya shamba na aipeleke kwa afisa wa Portable Antiquities Scheme (mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa) wa eneo lake ili isajiliwe. Sarafu moja ya shaba haihesabiwi kuwa hazina chini ya sheria ya hazina ya mwaka 1996, lakini zikipatikana kumi au zaidi pamoja, ni lazima aziripoti ndani ya siku 14.

Ihifadhi pakavu. Ukiona unga laini wa kijani kibichi chepesi ukichomoza juu yake, hiyo ni dalili kwamba chumvi za kloridi zinaendelea kuila shaba, na hapo mpelekee mhifadhi wa makumbusho mapema.