Saint Lucia: jua upepo unakotoka kabla ya kuchagua hoteli

Aliyezoea bahari ya Unguja, Kilwa au Lamu akifika Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, huanza kuulizia saa za maji kupwa na kujaa. Kule haina haja. Huku kwetu bamvua hushusha maji mita tatu hadi nne, ukaogelea asubuhi na mchana ukatembea kwa miguu mpaka mwambani. Saint Lucia tofauti ya maji makavu na maji makuu mara nyingi haifiki hata nusu mita. Kinachoamua kama utaoga au utakaa mchangani ukitazama ni upepo, na upepo wa kule haugeuki kama kusi na kaskazi. Karibu mwaka mzima unavuma kutoka mashariki, ukitokea Atlantiki.

Kwa hiyo kisiwa kina pande mbili ambazo nahodha wa jahazi angezijua bila ramani. Mashariki ni joshini, kunakopigwa na upepo. Magharibi ni demani, kulikokingwa na milima. Kisiwa ni kidogo, kilomita 43 kwa 22 hivi, na bado siku hiyohiyo bahari inaweza kuwa shwari ufukwe wa Reduit, magharibi, huku mawimbi yakipasuka Grande Anse, mashariki. Grande Anse nenda ukatazame, maana ni ufukwe mkubwa na kasa hupanda kutaga humo, lakini usioge. Maji yanayorudi baharini yana nguvu ya kumvuta hata muogeleaji hodari. Ukivutwa popote, usipambane kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ukate kuelekea nchi kavu.

Joshini ndiko pia kunakolundikana mwani wa kahawia, ambao tangu 2011 unafika Karibiani kwa wingi, hasa miezi ya katikati ya mwaka. Ukioza hutoa harufu ya yai viza, na mwenye pumu hataivumilia. Ukipata chumba cha bei nafuu upande huo, waombe wakutumie picha ya ufukwe iliyopigwa asubuhi hiyo. Picha za kwenye tangazo hazikwambii kitu.

Demani nako kuna siku zake. Kati ya Desemba na Machi, dhoruba za mbali kaskazini mwa Atlantiki husukuma mawimbi marefu yanayozunguka kisiwa na kuvuruga maji ya magharibi siku mbili tatu. Maji yakichafuka, matumbawe ya Anse Chastanet, ambayo siku njema unayafikia hatua chache kutoka mchangani ukiwa na miwani na bomba la kupumulia, hayaonekani. Panga kuyaona mwanzoni mwa safari, ili ubaki na siku za akiba.

Kosa linaloharibu likizo nyingi ni kulala kaskazini, Rodney Bay, halafu kwenda Soufrière, mji wa kusini magharibi karibu na milima ya Piton, na kurudi siku moja. Kwenye ramani ni karibu. Barabarani ni kona juu ya kona, saa moja na nusu au zaidi kila upande. Ndege nyingi kutoka Ulaya na Marekani hutua Hewanorra, kusini kabisa, na kutoka hapo Soufrière ni karibu zaidi. Ukiwa na usiku saba, lala Soufrière minne ya mwanzo, kisha maliza kaskazini.

Mlima Gros Piton, zaidi ya mita 770, hupandwa kutoka kijiji cha Fond Gens Libre, yaani Bonde la Watu Huru: watoro waliokimbia utumwa walijificha huko. Hupandi bila kiongozi wa njia. Anza saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza na mawingu hayajafunika kilele, ukiwa na lita mbili za maji kwa kila mtu. Nusu ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ni mawe na mizizi mirefu kama ngazi zilizokatwa vibaya, na mvua ikipita yanateleza. Tenga saa nne hadi tano kwenda na kurudi. Kinachoumiza ni kushuka, kwa sababu magoti ndiyo hubeba uzito wote. Vaa viatu vyenye meno, raba laini hazifai.

Baada ya hapo mwili utashukuru ukienda Sulphur Springs, chemchemi za moto za salfa, kujipaka tope. Vua vito vyote vya fedha kwanza, pete na mkufu, kwani hewa ya salfa huvifanya vyeusi. Vaa nguo ya kuogea kuukuu ya rangi nzito. Tope likikauka huvuta ngozi na kufanya nyufa ndogondogo kwenye viwiko. Hapo ndipo pa kuosha, usingoje zaidi.

Fukwe zote ni za umma, hata zenye hoteli mbele. Unacholipia ni kiti na mwavuli. Sugar Beach, katikati ya milima miwili ya Piton, unaweza kuingia kwa miguu au kwa boti kutoka Soufrière. Mchanga wake mweupe umeletwa. Wa asili huko ni wa kijivu, maana kisiwa ni cha volkano.

Kwenye kivuli cha ufukweni, tazama mti kwanza. Mansinili, mti wenye sumu, una majani yanayong'aa na matunda kama matufaha madogo ya kijani, yenye harufu tamu. Usionje. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na macho, na mvua ikinyesha matone yanayopita majanini huusomba hadi kwa aliyejikinga chini. Mara nyingi shina hupakwa alama nyekundu, lakini si kila mahali. Ukiguswa, osha haraka kwa sabuni na maji mengi, na usijifute macho kwa mkono huo. Kuni zake pia usichome, moshi wake nao huunguza macho.

Bei ikitajwa kwa dola, uliza ni dola ipi. Ya Marekani moja ni 2.70 za Karibiani Mashariki, na mabasi madogo hulipwa kwa hizo za huko. Kutoka Soufrière kwenda Castries, mji mkuu, mabasi hupungua alasiri na Jumapili ni ya kubahatisha. Asubuhi unaposhuka, muulize dereva la mwisho linaondoka saa ngapi.